Nesi na Bwana Forodha katika Chumba Namba Sita

Ni mimi niliyeandika zile kurasa thelathini na nne. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi. Nimelikana kwa kucheka, nimelikana kwa kunyamaza, na mara moja nililikana kwa kiapo, mbele ya mwanamke aliyekuwa amevaa glavu za mpira na kushika brashi ya choo, ambaye alikuwa na haki zote za kuujua ukweli. Sasa nimefika umri ambao mtu huchoka hata na uongo wake mwenyewe. Uongo unataka kumbukumbu nzuri, na yangu siku hizi haitoshi hata kwa orodha ya sokoni.

Mwanzoni nilikana kwa majivuno tu. Nilikwenda Dubai na shahada ya fasihi. Katika tasnifu yangu nilikuwa nimetenga sura nzima kuzishambulia riwaya za upelelezi, nikaandika kwamba zinamlaza msomaji. Sijui kama msimamizi wangu aliimaliza sura hiyo. Alama alizonipa zinaonyesha kwamba aliyelala ni yeye. Sasa mtu aliyeandika hayo angesimamaje mbele ya watu aseme kuwa amewachukua mashujaa wa waandishi wawili wasiojuana, bila kumwomba yeyote ruhusa, akawafungia katika chumba kimoja cha gesti ya mpakani pamoja na jambazi anayevuja damu?

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja katika fleti moja ya Al Qusais, miaka ile ambayo eneo zima lilikuwa likichimbwa na kujengwa na vumbi lake likiingia hadi kwenye sukari. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vitatu vya ghorofa, watu sita. Mimi nilikuwa mtu wa mapokezi katika ofisi ya wakala wa mizigo, karibu na maghala. Nilipokea simu, nilipiga mihuri, nilitabasamu. Nikirudi nyumbani taya ndizo zilizouma kuliko miguu.

Wawili kati ya wenzangu ndio wanaohusika hapa. Wa kwanza tulimwita Shangazi. Alitoka Tanga, alikuwa amepita hamsini, na alifanya kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli. Magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo alilala kitanda cha chini, kile cha karibu na dirisha, ambacho kila aliyeingia chumbani alikitamani kabla hajaitamani Dubai yenyewe. Wa pili tulimwita Askari. Alikuwa Mkenya mwenzangu, msichana wa Nakuru, mlinzi katika duka kubwa la nguo. Kazi yake ilikuwa kukagua mifuko ya watu wanaotoka. Alilala juu ya Shangazi. Mimi waliniita Mwalimu, kwa sababu ya ile shahada, ingawa sijawahi kumfundisha mtu kitu.

Vitabu vilikuja kwa masanduku ya watu waliotoka likizo, na vilikuwa vichache mno kwa watu kumi na mmoja wenye zamu tofauti. Ndipo tukabuni utaratibu wetu: tulivikata. Kitabu kikifika, mimi nilikiweka juu ya ubao wa vitunguu, nikakipasua mgongoni kwa kisu cha mkate, mikato mitatu, vipande vinne. Kila kipande nilikifunga kwa mpira, ile mipira inayokuja na mafungu ya giligilani kutoka bakala, duka la chini ya jengo letu. Majalada niliyaweka kwenye boksi la viatu chini ya kitanda changu. Kisha niliandika ratiba na kuibandika kwenye mlango wa friji, jirani na ratiba ya kusafisha bafu: nani ana kipande cha kwanza, nani cha pili, na ni lini wabadilishane. Watu wanne waliweza kusoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, alimradi wavumiliane. Aliyesinzia na kipande cha tatu alichukiwa na nusu ya nyumba.

Mifululizo miwili ndiyo iliyotutawala. Wa kwanza ulikuwa wa mwandishi wa Kenya ambaye hakuna aliyejua kama yu hai. Shujaa wake alikuwa afisa wa forodha mpakani, mnene, mwenye pumu, asiyebeba silaha yoyote. Aliwakamata wauaji kwa kuzisoma karatasi zao za mizigo. Sisi tulimwita Bwana Forodha. Mfululizo wa pili ulikuwa wa mzee mmoja wa Tanzania, na mji anakoishi ulitajwa kwenye jalada la nyuma, safari fupi tu kutoka kwao Shangazi. Shujaa wake alikuwa nesi, aliyekuwa jeshini zamani, aliyewaandama wauaji mmoja baada ya mwingine na mkoba wake wa dawa. Askari alikuwa wa Bwana Forodha. Shangazi alikuwa wa Nesi. Ijumaa mchana, tulipopiga pasi sare za wiki nzima, waliwagombanisha mashujaa wao.

"Huyo Nesi wako afike tu pale mpakani," Askari alisema. "Bwana Forodha ana swali moja: mama, kwa mkoba kuna nini? Kwisha yeye."

"Ana sindano," Shangazi alijibu bila kuinua macho kwenye pasi. "Na huyo anayeuliza atalala papo hapo juu ya mihuri yake."

"Na kibali cha hiyo dawa je?"

"Utamsomea nani kibali, mwanangu, na wewe unakoroma?"

Hivyo ndivyo tulivyoshinda mchana wa Ijumaa. Nani angemtambua mwenzake kwanza? Wangeaminiana? Nesi angeila ile tangawizi ya sukari ambayo Bwana Forodha hampi mtu? Mmoja wetu, Mganda wa kitanda cha mlangoni, alitaka waoane, akazomewa na pande zote mbili. Mimi nilisikiliza kwa tabasamu la mtu mwenye tasnifu, na nilikuwa na maoni juu ya kila swali.

Kisha nikafanya kosa. Vitabu viwili vilikuja katika wiki moja, kimoja cha kila mfululizo, vya umbo lilelile dogo na karatasi ileile ya kijivu. Nilivikata Alhamisi jioni nikiwa nimetoka kazini na kichwa kinauma. Katika fungu la Shangazi niliweka kipande cha pili cha Bwana Forodha na kipande cha tatu cha Nesi, nikavifunga kwa mpira mmoja kana kwamba vinafuatana.

Kwa bahati, vilifuatana. Kipande cha Bwana Forodha kiliishia akiwa ameketi gizani katika gesti ya mji wa mpakani, chumba namba sita, akisikiliza hatua za viatu ukumbini, nazo zikasimama mlangoni kwake. Kipande cha Nesi kilianza akisukuma mlango wa chumba cha gesti na kumkuta mwanamume ameketi kitandani. Mwanamume huyo alikuwa mtu mwingine kabisa, dereva fulani wa lori, lakini mwandishi hakumtaja kwa jina kwa kurasa nyingi.

Ijumaa hiyo Shangazi aliingia kutoka kazini, hakuvua hata mtandio, akasimama katikati ya chumba na vile vipande mkononi.

"Wamekutana," alisema.

"Kina nani?" Askari aliuliza kutoka kitanda cha juu.

"Nesi na Bwana Forodha wako. Wamekutana gesti. Kaingia bila kubisha hodi. Na wanajuana! Kamuita 'ndugu'."

Askari alishuka, akavichukua vipande, akavipekua kwa yale macho yake ya kukagua mifuko. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Aki Shangazi! Hizi ni vitabu mbili. Hii ni yangu, hii ni yako. Umeunganisha kama waya za stima." Kisha, kwa kuwa wenzetu walikuwa wakicheka na kicheko cha watu huongeza ulimi, akasema: "Ama kwa ile kisomo ya watu wazima mlifundishwa kusoma ukiruka ruka?"

Wote tulijua, kwa sababu Shangazi mwenyewe alitueleza kwa fahari, kwamba alijifunza kusoma akiwa mke wa mtu, darasani jioni, na mtoto mgongoni. Vitabu kwake havikuwa kupoteza wakati. Alisoma kwa kidole, polepole, na hakuruka neno. Akikutana na neno asilolijua aliliandika kwenye kiganja akaniuliza jioni. Sasa alivua mtandio, akaukunja mara nne, jinsi alivyokunja foronya kazini, halafu akanigeukia.

"Mwalimu. Wewe ndiye mwenye vitabu. Sema, mimi sijui kusoma?"

Lilikuwa jambo la sentensi moja. Nimekosea kufunga, Shangazi, nilikuwa na usingizi. Ningeisema, wangenicheka mimi kwa dakika tano, na nisingekuwa na haya ya kuandika. Badala yake nilimtazama usoni, nikaona jinsi alivyokuwa ameingia mlangoni na furaha yake, nikasikia sauti yangu ya mapokezi ikisema:

"Kipo kitabu wanachokutana. Kurasa za katikati ndizo zimepotea. Kuna mtu Nairobi ananitafutia."

Askari aliniangalia kwa muda mrefu. Shangazi alichukua vipande vyake kutoka mkononi mwake, akapanda kitandani, yaani akakaa, kwa kuwa kilikuwa cha chini, akaendelea kusoma pale alipoachia.

Kati ya saa nane na saa kumi mchana ofisi yetu ilikuwa kama kaburi. Madereva walisubiri jua lipungue, na madam, meneja wetu, alijifungia kwenye chumba chake cha vioo akizungumza na mama yake kwa simu. Hapo ndipo nilipoandika. Nilichapa kwenye kompyuta ya kazi, nikiwa na faili la mizigo limefunguliwa pembeni tayari kwa kulificha jambo. Karatasi nilizitoa fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi, kisha tena, mpaka herufi zikachoka kama sisi. Nikasema zimeletwa na mhudumu wa ndege anayeishi Al Twar, kurasa sita sita, kadiri mtu wangu wa Nairobi anavyozipata. Jamani, sikuwahi kuandika hivyo. Katika tasnifu sentensi moja ilinichukua wiki na ilipomalizika hakuna aliyeihitaji. Hapa niliandika mlango ukifunguka, na Ijumaa nikaona wanawake watano wanaacha pasi hewani.

Niliwaacha waangaliane kwanza, Nesi na Bwana Forodha, kwa ukurasa mzima. Nikamfanya Nesi asikie kifua cha mwenzake kinavyopiga miluzi na kumwambia, kabla ya salamu, kwamba dawa anayotumia imekwisha muda. Nikamfanya Bwana Forodha ausome mkoba wa Nesi kwa nje tu na kuyataja yaliyomo, moja moja, isipokuwa kitu kimoja. Askari alipiga kofi ukutani. Shangazi alisema, "Hicho kimoja ndicho kitakachowatoa hapo," akaendelea na kola ya shati.

Kosa langu la pili lilikuwa lugha. Askari alikuwa na sikio.

"Huyu Bwana Forodha siku hizi anaongea kama wewe," aliniambia siku moja jikoni, pembeni, huku akimenya viazi. "Juzi amesema 'kwa mantiki hiyo'. Lini Bwana Forodha alisema mantiki?"

"Labda mwandishi amekua."

"Ama amesoma chuo." Alinielekezea kisu cha viazi. "Mwalimu, ni wewe?"

"Mimi? Niandike mambo ya gesti?"

Nilisema kwa dharau halisi, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Yeye hakuiamini, lakini hakuwa na ushahidi, na walinzi wamefundishwa kutomgusa mtu bila ushahidi. Alichofanya ni kumrudia Shangazi. Ijumaa iliyofuata, mbele ya wote, alisema kurasa hizo ni za kughushi na kwamba mtu yeyote anayejua kusoma angejua. Shangazi alizima pasi.

"Nakwenda likizo mwezi ujao," alisema. "Huyo mzee wa Nesi anakaa mji wa jirani na kwetu, na Nesi huyu hawezi kuwa wa mtu mwingine. Nitakwenda mpaka barazani kwake, nimwekee karatasi mapajani. Nitamuuliza mwenyewe."

"Na akikataa?"

"Akikataa, kitanda changu chako."

Nilifungua mdomo. Askari aliniwahi.

"Na akikubali, zamu yako ya bafu ni yangu. Mwaka mzima. Mashahidi mko hapa."

Ndivyo ilivyokuwa. Uongo wangu wa sentensi tatu ulikuwa umepanda basi, na safari hii abiria alikuwa mwanamke wa magoti mabovu ambaye angetoka kwa mzee anayemheshimu kuliko diwani wake, akiwa ameambiwa usoni kwamba ameletewa takataka, kisha angerudi Al Qusais kupanda ngazi ya chuma kila siku hadi kitanda cha juu, akitazamwa na chumba kizima kama mtu asiyejua kusoma.

Niliacha kuandika. Nilikuwa nimefika ukurasa wa thelathini na nne, na ukweli ni kwamba nilikwama hata kabla ya dau. Nilikuwa nimewaletea jambazi mmoja, aliyejeruhiwa, amelala kitandani hana fahamu. Bwana Forodha aliapa kumfikisha mahakamani. Nesi aliapa kummaliza, kwa kuwa alimuulia ndugu. Nikimpa Bwana Forodha ushindi, Shangazi atasema si Nesi huyu. Nikimpa Nesi, Askari ataichana. Nilikaa mbele ya kompyuta saa zote za alasiri kwa wiki tatu, nikaandika na kufuta. Nikasema mtu wangu wa Nairobi amehama.

Mara mbili nilijaribu kumwambia. Mara ya kwanza tulikuwa tunasubiri basi, jua linachoma, naye alikuwa ananisimulia atakachokivaa siku hiyo ya kwenda kwa mzee. Alikuwa amenunua kanga mpya, doti moja, na ya mke wa mzee pia. Nikasema, "Shangazi, unajua, waandishi husahau." Akasema, "Mtu hasahau mtoto wake." Basi likaja.

Mara ya pili ilikuwa siku ya safari. Tulikuwa tunapima sanduku lake kwenye mizani ya bafuni, na kilo zilizidi. Tulitoa blanketi. Zikazidi bado. Nikaona nafasi yangu.

"Toa hizi karatasi," nilisema. "Utamsimulia tu."

"Karatasi hazitoki." Alitoa makopo mawili ya maziwa ya unga aliyomnunulia mjukuu, akanipa. "Mtakunywa chai. Mwalimu, mbona una uso huo?"

"Kichwa tu."

"Lala. Unafanya kazi sana." Akanishika shavu. Mimi nilimsukumia sanduku hadi kwenye teksi, nikarudi juu, na chai ya maziwa yale sikuweza kuinywa, ingawa wenzangu waliisifu.

Zilipita wiki tatu. Kitanda cha dirishani kilikaa kitupu. Askari hakukigusa, nampa heshima hiyo, ila niliona alikuwa ameanza kuweka simu yake kwenye dirisha hilo wakati wa kuichaji. Mimi niliandaa maneno. Nilikuwa na ungamo zima kichwani, lenye utangulizi, kiini na hitimisho, kwa kuwa elimu haimtoki mtu. Niliamua kwamba akipiga simu tu, kabla hajasema kitu, nitalisema lote.

Alipiga ofisini. Namba hiyo nilimpa kwa dharura, nami nilikuwa nimesahau. Ilikuwa adhuhuri ya katikati ya wiki, saa ambayo mapokezi yamejaa. Dereva mmoja Mpakistani, mtu wa Peshawar, alikuwa amesimama mbele yangu na karatasi tano za kupigwa mhuri, na madam alikuwa nyuma ya kioo chake akinitazama. Niliinua simu nikaitaja kampuni kwa sauti ya kazi.

"Mwalimu! Niko kwa mzee!"

"Shangazi," nilisema, nikashusha sauti. "Subiri. Kuna jambo nataka ulijue kwanza."

"Usinikate, salio linakwenda. Nimefika tangu asubuhi. Mkewe kanipa chai, kapokea kanga. Mzee kavaa miwani, kasoma zote, mimi nimekaa hapa hapa kwenye mkeka. Hakusema neno, Mwalimu. Saa nzima hakusema neno. Mimi moyo huo! Amemaliza, akaniuliza, nani kakupa hizi? Nikamwambia, yuko binti msomi, tunakaa naye Dubai, ndiye anayetunza vitabu vyetu. Akaniuliza, mnavisomaje watu wengi hivyo? Nikamwambia tunavikata. Akacheka, mzee wa watu, mpaka akakohoa. Nikamuuliza: mzee, ni zako au si zako?"

Dereva alizisukuma karatasi zake kidogo. "Yalla, sista," aliniharakisha kwa upole.

"Akasemaje?" niliuliza.

"Kasema, ni zangu. Kasema aliziandika zamani zikampotea. Mwambie Askari aanze na sinki."

Ungamo langu lote, pamoja na utangulizi, halikuwa tena na pa kwenda. Kama ningelisema sasa, ningekuwa namwambia mwanamke aliyeketi kwenye mkeka wa mzee kwamba mzee ni mwongo. Na kusema kweli palikuwa na kitu kingine pia, kidogo na cha aibu: niliumia. Zilikuwa kurasa pekee nilizowahi kuandika zikasomwa na mtu kwa hiari yake, na mwenye kuzidai alikuwa amepatikana, jirani na Tanga.

"Umesikia? Chukua, anataka kusema nawe. Mzee, huyu hapa."

Palikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi ya mtu mzima.

"Shikamoo, mzee," nilisema, na mtu wa Peshawar akaangalia pembeni kwa adabu, maana sauti yangu haikuwa tena ya kazi.

"Marahaba, binti yangu. Habari za huko kwenye joto?"

"Salama, mzee."

"Umezitunza vizuri karatasi hizi."

"Asante, mzee."

"Sasa, huyu mama hapa anadai mwisho. Amekuja kwa miguu kutoka stendi, ana haki yake. Na mimi umri umekwenda, sikumbuki niliwamalizaje pale chumbani." Nilisikia karatasi zikipekuliwa. "Wewe hukubahatika kuuona mwisho wake?"

Sikujua, na hadi leo sijui, kama alikuwa msahaulifu kiasi cha kuamini kwamba ni yeye aliyeyaandika na haya, au alikuwa anajua vizuri sana anazungumza na nani. Sauti yake haikunisaidia. Nilimtazama madam nyuma ya kioo. Nilizitazama karatasi za mizigo. Tangu asubuhi nilikuwa nimesimama, jana yake pia, na sikuwa na nguvu ya kumpa yeyote ushindi.

"Niliuona, mzee," nilisema.

"Enhe. Ilikuwaje?"

"Walibishana sana. Halafu wakakubaliana wangoje jambazi azinduke, wamwamulie akiwa macho. Wakakaa, mmoja huku, mmoja huku, kitanda katikati." Nilipiga mhuri karatasi ya kwanza ili madam aone ninafanya kazi. "Kisha wakalala."

"Wakalala?"

"Ndiyo, mzee. Wote wawili. Walikuwa wamechoka."

"Nesi wangu amelala kazini?"

"Alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo, mzee. Na Bwana Forodha alikuwa amesafiri kutwa. Walipoamka kumekucha, kitanda kitupu, mgonjwa hayupo."

Nilipiga mhuri wa pili, na wa tatu.

"Enhe," mzee alisema hatimaye, taratibu. "Enhe, nimekumbuka."

Kisha sauti yake ikawa mbali, akiwa ameitoa simu sikioni, nikamsikia akimwambia mtu aliyeketi chini: "Walilala, mama. Wote wawili walipitiwa na usingizi. Ndivyo nilivyoandika."

"Masikini," nikamsikia Shangazi akisema. "Na yule mgonjwa?"

"Kaenda zake."

Salio likaisha.